Kufungua ama Kufungulia?

Mpendwa Mama Helen,

Nakuandikia nikiwa nimekalia mkebe wa rangi nyuma ya karakana yetu hapa Homa Bay, wenzangu wamekwenda kula, na naomba unisaidie kabla kifua changu hakijapasuka, kwa maana neno hili nimelimeza tangu mwezi wa tatu na sasa mwezi wa tano unaisha, na sina mtu wa kumwambia isipokuwa wewe ambaye hunijui.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita na kazi yangu ni fundi wa mabomba, ndiyo, umesoma vizuri, si mke wa fundi wala mpishi wa mafundi, ni mimi mwenyewe ninayeshika spana. Zamani nilikuwa nikishona kola za mashati ya shule sokoni, ikatokea siku moja paipu ya soko ikapasuka, akaja Mzee Simeon kuirekebisha, akakosa mtu wa kumshikia kwa sababu wanaume wote waliogopa kulowa, nikaishika mimi, na alipomaliza akaniangalia mikono akasema, "Nyathina, mkono yako haitetemeki, kesho kuja kazi." Nyathina ni mwanangu kwa lugha yetu, na hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo tangu baba yangu afariki, basi kesho yake nikaenda, na mpaka leo ni miaka miwili.

Shida yangu tangu mwanzo haikuwa nguvu, ilikuwa maneno. Wiki ya kwanza fundi alipaza sauti kutoka chini ya sinki, "Leta washa!" nikakimbia kutafuta kiberiti nikidhani anataka niwashe taa, kumbe washa ni kile kiduara cha mpira kinachokaa ndani ya mfereji wa bomba kuzuia maji yasidondoke, na wenzangu wakacheka mpaka wakakaa chini, na jina langu likawa Kiberiti kwa mwezi mzima. Dukani nilitumwa elbo jike nikarudi na elbo dume, maana sikujua kwamba hata vyuma vina dume na jike, yule mwenye uzi, ile mikato ya kuzungushia kama ya skrubu, kwa nje ni dume na mwenye uzi kwa ndani ni jike, na mwenye duka akaniambia mbele ya wateja nirudi nyumbani nikafundishwe na mama yangu.

Aliyenifundisha si mama yangu, ni Magige. Magige ni Mkuria wa Ntimaru, mtu wa miaka thelathini hivi, alinitangulia kwa Mzee Simeon, na watu wa karakana walikuwa wakimcheka Kiswahili chake kwa sababu huliweka kila neno polepole kama mtu anayepanga mayai, na tena hupenda kuuliza. Saa ya chai alikuwa akichukua chuma kimoja kimoja kwenye sanduku, ananiuliza kinaitwaje, kazi yake ni nini, nami naandika kwenye daftari. Elbo inapinda njia ya maji. Tii inagawa maji, nusu yako na nusu ya jirani. Soketi ni jike pande zote mbili na niplo ni dume pande zote mbili, kwa hivyo niplo inaingia na soketi inapokea. Bushi inaunganisha paipu nene na nyembamba. Yunioni ndiyo aliyoipenda Magige kuliko zote, akasema hii inaunganisha paipu mbili ambazo hakuna hata moja inayoweza kuzunguka, na siku mkitaka kuachana mnaachana pale pale bila kubomoa nyumba yote. Bolkoki ni lile boya ndani ya tangi, maji yakijaa linapanda na kujifungia lenyewe. Trapu ni ile kona chini ya sinki inayobakisha maji kidogo makusudi ili harufu ya shimoni isirudi jikoni. Noni ritani ni ya njia moja, maji yakishapita hayarudi. Na geti valvu ni mlango wa maji, una kigurudumu chake juu, ukizungusha huku maji yanapita, ukizungusha kule yanasimama. Daftari lile ninalo hata sasa, Mama Helen, na kila ukurasa una maneno ya Magige kwa mwandiko wangu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Jumanne moja mwezi wa tatu tulikuwa Mbita kwenye jengo jipya la mfanyabiashara mmoja anaitwa Hamud, mbele ni duka la sukari na nguo, nyuma ni vyumba vya wageni, na juu ya slabu, lile paa la zege, kuna tangi kubwa la maji. Paipu zote zilikuwa zimeshakaa, siku hiyo ilikuwa ni kujaribu tu. Asubuhi nzima tulikuwa tukitafuta mahali panapovuja, na kila tulipopapata Mzee Simeon alisema fungua, nami nikaweka spana ya paipu nikafungua, nikazungushia upya kwenye uzi nyuzi za katani za kuziba, akasema funga, nikafunga. Fungua, funga, fungua, funga, ndio uliokuwa wimbo wetu. Tukajaza tangi likajaa. Halafu fundi, akiwa chooni kwenye chumba cha mwisho, akaita, "Mmoja wenu apande juu afungue hiyo geti valvu!" Magige alikuwa amekaa mlangoni anakata uzi kwenye paipu, akauliza, "Fundi, ni kufungua ama kufungulia?" Mzee Simeon akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Omera, ndugu yangu Magige, hii Kiswahili yako itakuua siku moja! Kufungua ni kufungua!" Watu wote wakacheka, hata mimi nilicheka, na kwa kuwa mikono ya Magige ilikuwa na mafuta, nikachukua spana nikapanda mimi.

Mama Helen, geti valvu nilikuwa naijua, lakini kichwani mwangu kufungua kwa siku ile kulikuwa ni kwa spana, nikafikiri fundi ameona inavuja pale inaposhikana na tangi, basi nikaanza kwa kulegeza yunioni ya paipu inayoshuka kutoka kwenye valvu, yakatoka matone kidogo tu nikajipongeza, kisha nikaishika valvu yenyewe nikaizungusha yote nzima, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa nne, ikaniruka mkononi na maji ya tangi zima yakanipiga kifuani nikakaa chini. Slabu ilikuwa imetobolewa matundu ya paipu, maji yakapata njia moja kwa moja mpaka stoo ya Hamud. Magige alikuja mbio, akaokota valvu, akasimama mbele ya yale maji kwa kifua chake anajaribu kuirudisha, akaniambia, "Dada, shuka leta plagi, haraka!" kwa sababu plagi ni kile kizibo cha chuma, na hicho kingeingia upesi kuliko valvu. Nikashuka. Nilipokuwa chini nikipekua sanduku, Mzee Simeon na Hamud wakapanda kwa ngazi ya nyuma, na wakamkuta Magige peke yake, amelowa chapachapa, valvu mkononi.

Niliporudi na plagi nikasikia Hamud akisema, "Simeon, nani amefanya hii kitu? Wallahi, nani?" na Mzee Simeon akajibu, "Si huyu! Si ndiye alikuwa anauliza uliza hapa? Hii ndio shida ya kuchukua mtu hasikii Kiswahili. Wewe, chukua mfuko yako uende, kazi yako imeisha!" Magige akaniangalia mara moja. Hakuniangalia kwa hasira, aliniangalia akangoja, nafikiri ungeweza kuhesabu mpaka kumi, na mimi nilisimama pale ngazini na plagi yangu na mdomo wangu ukakataa. Akachukua plagi kutoka mkononi mwangu, akaifunga, maji yakasimama. Kisha akamwambia Mzee Simeon, "Sawa, fundi," akashuka, akachukua mfuko wake akaenda. Magunia ya sukari yaligeuka uji. Mke wa Hamud, Mama Asli, alinipa chai ya maziwa akaniambia pole binti yangu, yule mtu angekuua, na mimi nikainywa ile chai yote.

Nilinyamaza kwa sababu mimi ndiye mwanamke peke yangu, na siku ningesema ni mimi, wangesema si tuliwaambia, mwanamke na spana wapi na wapi, na Mzee Simeon angechekwa kwa kuniandika kazi, na hakuna msichana mwingine ambaye angechukuliwa Homa Bay yote. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini sasa mambo yamekuwa mabaya zaidi. Mzee Simeon anaruhusiwa kumwandikia mtu mmoja kila mwaka barua ya kwenda Kisumu kufanya mtihani wa fundi wa gredi ya tatu, na mwaka huu barua ilikuwa ya Magige, kila mtu alijua, na sasa amenipa mimi. Imo kwenye sanduku langu la nguo. Mtihani ni tarehe kumi na nne mwezi wa sita. Na wiki iliyopita mteja kutoka Migori alituambia amemwona Magige kule Masara, siku hizi anashuka kwenye yale mashimo ya dhahabu, na mvua hii yote unavyoijua.

Swali langu ni hili: je, si afadhali nikafanye mtihani kwanza, nipate cheti, niwe na nguvu ya kusimama, ndipo nimtafute Magige nimwombe msamaha na hata nimsaidie? Au nikisema sasa si nitapoteza kila kitu na yeye asipate chochote? Naomba usiandike jina langu, na unijibu Jumamosi yoyote, kwa maana Mzee Simeon hununua gazeti lenu kila Jumamosi na saa ya chai hutusomea ukurasa wako kwa sauti, sisi sote tumekaa kwenye mikebe, na hucheka sana matatizo ya watu.

Ni mimi,
Kiberiti, Homa Bay.

MAMA HELEN ANAJIBU

Kiberiti, barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nilikasirika, na mara ya tatu nilikwenda jikoni kuangalia chini ya sinki langu. Trapu nimeiona. Miaka yote hii nilidhani fundi aliipinda kwa kukosa nafasi.

Nianze na huruma, maana ni fupi. Kosa la mkono si dhambi. Mtu aliyeambiwa "fungua" asubuhi nzima akafungua kwa spana, akiambiwa "fungua" saa sita atafungua kwa spana. Nilifundisha Kiswahili shule ya msingi miaka kumi na tisa kabla gazeti hili halijanipa kiti hiki, na wanafunzi wangu walifanya makosa mabaya zaidi wakiwa na kitabu mbele yao. Kwa ile valvu pole sana, na kwa kifua kilichopigwa na maji pole tena. Huruma imeishia hapo.

Umeniomba nisiandike jina lako na sikuliandika. Lakini hebu hesabu, wewe mpenda kuhesabu, umemtaja Magige mara ngapi kwenye barua yako. Mimi nimehesabu, ni zaidi ya mara kumi, kwa jina lake alilopewa na wazazi wake, pamoja na kwao na kabila lake. Wewe ni Kiberiti, yeye ni mtu mzima mwenye anwani. Hata kwenye karatasi ya kutubu umemsimamisha yeye mbele ya maji na wewe umeshuka kutafuta plagi! Majina yote yanayosomeka hapo juu nimeyabadilisha mimi, kwa sababu wewe hukufikiria kufanya hivyo.

Sasa rudi kwenye barua yako, mahali umepapita mbio. Magige aliuliza, "Ni kufungua ama kufungulia?" na mkacheka wote. Mlicheka nini? Mwanangu, hilo lilikuwa swali la mtu pekee aliyejua Kiswahili kwenye jengo lile. Unafungua nati, unafungua kifurushi, unafungua kitu kilichofungwa. Maji unayafungulia. Mtu aliyekulia penye ng'ombe anajua jambo hili kabla hajaota meno ya pili: asubuhi unafungua mlango wa zizi na unafungulia ng'ombe, na hakuna siku atachanganya. Magige aliona kwamba agizo la fundi lina njia mbili na moja ina hatari, akauliza ni ipi. Angejibiwa vizuri, wewe ungezungusha kile kigurudumu chako, maji yangeshuka mpaka chooni, na Hamud angekuwa anauza sukari yake. Badala yake swali lake likafanywa ushahidi dhidi yake. Mtu alifukuzwa kwa sababu aliuliza vizuri, na wewe uliyekuwa na daftari lake mfukoni ulijua hivyo ukanywa chai ya maziwa.

Usiniambie habari za wanawake. Unasema ulinyamaza ili msichana mwingine apate nafasi Homa Bay. Ni wanawake gani hao waliokaa kikao wakakutuma? Mimi ni mwanamke na sikukutuma. Ulinyamaza kwa sababu uliogopa, kama mtu yeyote anavyoogopa, na kuogopa kwa dakika kumi ningekusamehe. Lakini hii ni miezi miwili na nusu. Tena ukitaka kujua nani atawaharibia wasichana wa baadaye, ni fundi mwanamke aliyepata gredi kwa barua ya mtu mwingine, siku itakapojulikana. Na itajulikana. Mwanamke aliyesimama akasema "hii ni mimi niliharibu, na naomba kurudi kujifunza," huyo mnamcheka wiki moja na mnamwamini miaka ishirini.

Na usianze kujiuliza kama Magige alinyamaza kwa kuwa ana lake moyoni juu yako. Nimeona unavyoandika "aliniangalia". Alikuwa anakupa nafasi ya kusema mwenyewe, basi, heshima ambayo mtu mmoja humpa mwenzake wa kazi. Nafasi hiyo aliiacha wazi na hajairudia kuifunga. Hakukusema kwa Simeon wala kwa yule mteja wa Migori. Bado anangoja, tena sasa anangojea ndani ya shimo, na mvua inanyesha.

Swali lako la mtihani kwanza na msamaha baadaye nalijibu hivi: hapana. Unataka kupaka ukuta rangi wakati paipu inavuja ndani yake. Halafu fikiria siku yenyewe ya Kisumu. Msimamizi ataokota chuma mezani, atakuuliza hii ni nini. Utasema yunioni, inaunganisha paipu mbili ambazo hakuna inayoweza kuzunguka. Ataokota niplo, utajibu. Ataokota noni ritani, utajibu. Kila jibu litakalotoka mdomoni mwako siku hiyo alikupa Magige saa ya chai, bure, na wewe utakuwa umekalia kiti chake. Utafaulu, sina shaka. Halafu cheti hicho utakitundika ukuta gani ambao hautakuangalia?

Sasa sikiliza utakavyofanya, na sitaki barua nyingine ya kuniuliza kama nilimaanisha.

Ile barua ya mtihani itoe kwenye sanduku la nguo uiweke mfukoni uende nayo kazini. Usimwite Mzee Simeon pembeni. Magige hakuaibishwa pembeni, aliaibishwa mbele ya watu, kwa hivyo jina lake litasafishwa mbele ya watu. Wenzako wakiwa wote wamekaa, simama. Sema maneno machache: aliyetoa geti valvu Mbita ni mimi, Magige alikuja kuzuia maji, na nilinyamaza. Usitie "lakini". Usieleze habari ya fungua na funga mpaka uulizwe. Usilie, na ukilia usiache kusema. Kisha weka barua ya mtihani mbele ya Mzee Simeon umwambie irudi kwa mwenyewe. Akikufukuza, utatoka na spana yako na mkono usiotetemeka, na mji una mifereji mingi inayovuja. Akikubakiza, utarudi kwenye sanduku la vyuma kama siku ya kwanza, na mwaka ujao barua itakuwa yako kwa haki.

Siku hiyo hiyo nenda Mbita. Hamud aliona mtu asiye na hatia akifukuzwa kwenye jengo lake na anastahili kujua. Na Mama Asli mrudishie chai yake kwa ukweli. Atakukasirikia, na utamwacha akukasirikie.

Kesho yake panda gari la Migori, ukifika uulize la kwenda Masara. Nenda mwenyewe, usitume mtu na usitume karatasi. Huko mashimoni uliza yule fundi wa mabomba wa kutoka Ntimaru, hawatakuwa wawili. Usianze na msamaha, kwa sababu msamaha ni kitu unachomwomba akupe, na umeshachukua vya kutosha. Anza na habari: nimesema, Mzee Simeon anajua, Hamud anajua, barua yako ya Kisumu inakungoja, tarehe ni kumi na nne. Mpe hayo yote mkononi. Ya msamaha yatajileta, au hayatajileta, hiyo ni haki yake. Daftari nalo umchukulie, akalipitie kabla ya mtihani. Ni lake.

Nina neno moja pia kwa fundi mwenyewe. Mzee, kijana wako alikuuliza swali la kazi ukamjibu kwa kejeli, na maji yakaingia sukarini. Lile gunia la kwanza lililolowa lilikuwa lako. Mkiwa juu ya tangi muwe na maneno mawili: spana ikitakiwa semeni fungua, maji yakitakiwa semeni fungulia. Na mtu akiuliza, ajibiwe.

Kiberiti, kuna jambo moja katika barua yako nililoliacha mpaka mwisho. Magazeti ya ushauri ni mengi nchi hii. Ukayaacha yote ukaandika kwa hili, ambalo bosi wako hununua kila Jumamosi na kuwasomea kwa sauti. Uliandika Mbita, uliandika sukari, uliandika tangi, na ukaniambia hata saa ya chai. Hata ningebadilisha majina mara mia, fundi wako ameshajua tangu aya ya pili. Na wewe ulijua atajua. Sehemu moja ya moyo wako imeshaamua, binti yangu, ilikuwa inatafuta tu mtu wa kuisukuma mgongoni. Haya, nakusukuma.

Wewe fundi unayesoma kwa sauti, najua sasa sauti imepungua. Hapo panatosha. Kunja gazeti, weka kikombe chini, inua macho umwangalie huyo msichana aliyekalia mkebe, na usimsaidie wala usimkatize.

Na wewe mwanangu, safari hii hakuna haja ya kuuliza ni neno gani kati ya yale mawili. Simama. Fungua mdomo.